Miche ya bibi na viwavi wa mjukuu

Masika yakishakatika, maua ya porini hupungua na vipepeo hufuata yale machache yaliyobaki uani. Kwa mzazi huu ni msimu mzuri wa kumfundisha mtoto, hata lile somo gumu la kugawana bustani na mdudu.

Saa tatu asubuhi, mwishoni mwa Juni, Mahege. Umande umeshakauka kwenye majani ya mihogo na upepo wa kusi bado haujapata nguvu. Nyuma ya nyumba, karibu na bafu la makuti ambapo maji humwagika kila siku, kuna kipande cha ardhi kisichozidi hatua kumi kwa kumi. Kuna mrehani uliochanua, mbaazi chache zenye maua ya manjano, bogenvilia iliyopanda kwenye uzio, na mndimu mkubwa ambao kila jirani ameshawahi kuuchumia ndimu.

Hapo ndipo vipepeo hukutana. Weupe wadogo hupita chini chini, karibu na ardhi. Wa rangi ya machungwa mwenye ncha nyeusi za mabawa huelea taratibu bila wasiwasi. Na yupo mkubwa mweusi mwenye madoa ya manjano, anayepapasa maua ya bogenvilia huku mabawa yakitetemeka bila kutulia.

Wingi wao wakati huu una sababu. Mvua za masika katika Pwani hunyesha zaidi kati ya Machi na Mei. Zikiisha, majani ya porini huanza kukauka na maua ya mwituni hupungua siku hadi siku. Ua linalopata maji ya kuogea na ya kuoshea vyombo hubaki kijani, na mdudu anayeishi kwa maji matamu ya maua hulifuata. Msimu unapoisha huko nje, uani bado haujaisha.

Mahege ni kata ya wilaya ya Kibiti, mkoani Pwani, eneo ambalo kabla ya Kibiti kuwa wilaya inayojitegemea lilikuwa sehemu ya Rufiji. Maisha ya huku hufuata korosho, nazi, embe, mpunga na ufuta. Kipepeo si zao, wala hakuna anayemhesabu. Lakini kwa mtoto aliye nyumbani kwa likizo, ndiye mgeni wa kwanza wa asubuhi.

MZOZO WA ASUBUHI MOJA

Chukua mfano wa ua kama huo. Bibi mwenye miaka sitini na kidogo anamlea mjukuu wa kike wa miaka minane. Mama wa mtoto anafanya kazi Dar es Salaam na huja kila mwisho wa mwezi. Bibi ameotesha miche arobaini ya ndimu kwenye viriba, ameipanga kivulini na huimwagilia kwa kopo. Anangoja mvua za vuli, kwa sababu ndipo watu hununua miche ya kupanda. Fedha hiyo imeshapangiwa kazi: viatu na sare za shule, mwezi wa Januari.

Asubuhi moja bibi anakuta miche sita imebaki vijiti. Kwenye mche wa saba, juu ya jani, kuna kitu cheusi chenye doa jeupe, kama kinyesi cha ndege. Anakisukuma kwa ukucha. Kinatembea.

"Niletee maji ya sabuni," anasema.

Mtoto haendi. Ameinama, macho karibu yaguse jani.

"Bibi, huyu ni kiwavi. Mwalimu alituchorea ubaoni. Yai, kiwavi, pupa, halafu kipepeo. Ukimuua huyu, yule mweusi mwenye manjano haji tena."

"Na nikimwacha, viatu vyako vitaliwa."

Mzozo huu upo katika nyumba nyingi zenye ndimu, machungwa au malimau. Ugumu wake ni kwamba wote wawili wanasema kweli. Mtoto amepatia kuhusu mdudu, bibi amepatia kuhusu hesabu. Mzazi akimfokea mtoto hapo, anazima hamu ya kujua. Akimwachia kila kitu, miche inakwisha. Njia ya tatu ipo, ila inataka kumjua huyo kiwavi kwanza.

NI NANI ANAYEKULA NDIMU?

Wataalamu humwita Papilio demodocus. Anapatikana sehemu kubwa ya Afrika iliyo kusini mwa Sahara. Mabawa yake yakikunjuliwa hufikia sentimita kumi au zaidi, meusi, yenye mabaka ya manjano hafifu, na chini yake kuna alama zinazofanana na macho.

Jike hutaga mayai moja moja kwenye majani, hasa machanga, ya mimea ya jamii ya michungwa. Hutambua jani kwa miguu, kwa kuwa vipepeo wana viungo vya kuonjea miguuni. Ndiyo maana utamwona akigusa jani, anaruka, anagusa jingine, kama mama anayebonyeza embe sokoni kabla ya kununua. Anachotafuta ni chakula cha watoto wake. Yeye mwenyewe hanyonyi majani, hunyonya maua.

Kiwavi mdogo ana rangi ya kahawia na nyeupe, na kule kufanana na kinyesi ndiko kunakomkinga asiliwe na ndege. Akikua hubadilika na kuwa wa kijani, akapotea kati ya majani. Ukimshtua, hutoa nyuma ya kichwa pembe mbili laini za rangi ya machungwa zenye harufu kali. Mtoto huweza kuogopa, lakini kiwavi huyu haumi na hana miiba. Harufu hiyo ni ya kuwafukuza maadui zake wadogo, kama chungu.

Hasara anayoleta hutegemea ukubwa wa mti. Mndimu mkubwa una majani mengi mno, kwa hiyo viwavi kumi hawaupunguzii chochote cha maana. Mche wenye majani kumi na mawili, viwavi wawili wakubwa wanaweza kuumaliza kwa siku chache.

Jibu la mzozo wa bibi na mjukuu limo humo.

KUHAMISHA BADALA YA KUUA

Bibi akiambiwa hivyo na bwana shamba, au akikumbuka tu kwamba mndimu wake mkubwa haujawahi kufa kwa viwavi, anaweza kumpa mjukuu kazi. Kila asubuhi mtoto anakagua miche, juu na chini ya majani. Akiona kiwavi, anakata kipande cha jani alilokaa, bila kumvuta, na kukipeleka kwenye mndimu mkubwa. Kiwavi atahamia mwenyewe kwenye jani bichi. Akiona yai, punje ndogo ya manjano hafifu, anafanya vivyo hivyo.

Ukaguzi huo hauchukui hata robo saa. Miche inapona na mdudu anaishi. Na mtoto, ambaye jana alikuwa mtetezi wa maneno tu, sasa ana wajibu: akisahau kukagua, jani linaliwa na yeye ndiye wa kuulizwa.

Kwa miche mingi, kinga iliyo rahisi zaidi ni kuifunika kwa wavu mwepesi, hata wa chandarua kilichochakaa kisichofaa tena kulalia, ukiwa umeinuliwa kwa vijiti usiguse majani. Jike hatapata pa kutaga. Ile miche sita iliyobaki vijiti nayo isitupwe haraka. Kama shina bado ni bichi, uendelee kuimwagilia. Mingi huchipua upya.

KOPO LA MJUKUU

Mtoto ataomba kufuga mmoja. Hilo linawezekana, kwa sharti la kazi. Ndoo ndogo au kopo pana linafaa, likifunikwa kwa kitambaa chepesi kinachopitisha hewa. Ndani mwekwe kijiti kirefu cha kupandia na majani mabichi ya ndimu yasiyopuliziwa dawa, yabadilishwe kila siku. Kinyesi chake kitolewe kila siku, la sivyo unyevu huleta ukungu. Kopo likae kivulini, mbali na chungu.

Akishiba, kiwavi huacha kula, hutafuta mahali pa kujishikiza, na hujifunga kwa uzi mwembamba kiunoni kama mkwezi wa minazi. Kisha ngozi humvuka na hubaki pupa, ya kijani au ya kahawia. Kwa kawaida hukaa hivyo wiki mbili au zaidi, na katika siku za baridi za kipupwe anaweza kuchelewa. Hapo ndipo watoto wengi huchoka kusubiri. Shule zinapofunguliwa Julai, kopo huwa bado liko dirishani.

Siku ya kutoka, mara nyingi ni asubuhi. Pupa hupasuka, na kinachotoka hakifanani na kipepeo wa ubaoni. Mabawa yamekunjamana, yamelowa, tumbo ni nene. Mdudu husukuma majimaji kutoka mwilini hadi kwenye mabawa mpaka yanyooke, kisha hungoja yakauke. Mtoto atataka kumsaidia kwa kidole. Akatazwe. Bawa likipinda wakati huo halinyooki tena, na kipepeo asiyeruka haishi.

Na kuna jambo ambalo vitabu vya watoto havipendi kulisema. Si kila pupa hutoa kipepeo. Wapo nyigu wadogo na nzi ambao hutaga ndani ya viwavi au pupa. Watoto wa nyigu hula wakiwa ndani, na siku ya siku pupa hubaki ganda lenye tundu dogo. Katika mfano wa ua huu, mtoto ana pupa mbili dirishani. Moja inatoa kipepeo. Nyingine inatoa nyigu mweusi asiyezidi punje ya mchele.

Mtoto analia. Anamwendea bibi jikoni na kopo mkononi.

"Kaliwa, bibi. Nilimpa majani kila siku."

Bibi anapunguza moto, anatazama ndani ya kopo.

"Nyigu naye ana watoto, mjukuu wangu. Wangekuwa vipepeo wote, mndimu ungebaki?"

Mtoto hajibu. Ni swali la kulala nalo. Bila nyigu, ndege na chungu, hata mti mkubwa usingewatosha viwavi. Mzazi hana haja ya kumficha mtoto hilo, wala kumwambia kwa maneno makubwa. Aone, aulize, ajibiwe kadiri ya umri wake.

BUSTANI NDOGO INATOSHA

Mzazi anayetaka vipepeo uani hahitaji eneo kubwa wala mbegu za dukani. Anahitaji vitu vinne.

Cha kwanza ni maua yanayoendelea kuchanua mvua ikishakatika. Mrehani, bogenvilia na mbaazi ni mwanzo mzuri. Ukiukata mrehani vichwa vilivyokauka, utachanua tena.

Cha pili ni mimea ya kulisha viwavi, kwa kuwa kila kipepeo ana mmea wake. Wa ndimu umeshamsikia. Yule wa rangi ya machungwa mwenye ncha nyeusi hutaga kwenye mimea ya mwituni yenye utomvu mweupe wenye sumu. Kiwavi wake hula sumu hiyo ikabaki mwilini hadi ukubwani, na ndege akimwonja humtema. Ndiyo maana huruka polepole bila hofu. Mwoneshe mtoto umbali tu. Utomvu huo usiguse macho.

Cha tatu ni unyevu. Vipepeo dume hukusanyika kwenye matope kufyonza chumvichumvi. Sahani ya mchanga uliolowa inatosha. Yasiwe maji yaliyotuama, kwa sababu katika ukanda huu maji yaliyotuama ni mazalio ya mbu, na malaria si jambo la kufanyia majaribio.

Cha nne ni matunda yaliyoiva kupita kiasi. Wapo vipepeo wakubwa wasiojali maua kabisa. Hupenda embe, papai au ndizi inayoanza kuchacha. Weka tunda moja kwenye kigogo mbali na mlango.

Usifuge kichaka karibu na nyumba kwa kisingizio cha vipepeo. Nyoka nao hupenda kivuli. Nyasi zifyekwe, maua yabaki, na njia ya mtoto ionekane.

Mtoto afundishwe pia kutazama bila kushika. Ule unga unaobaki vidoleni ukimkamata kipepeo ni magamba madogo yanayofunika bawa na kulipa rangi. Yakitoka hayarudi. Na viwavi wenye manyoya wasishikwe kabisa, kwa kuwa manyoya ya baadhi yao huwasha ngozi na ni hatari machoni.

MSIMU HUOHUO, MSIMU WA DAWA

Katika Kibiti, kama ilivyo Mkuranga na mikoa ya Lindi na Mtwara, wakati maua ya uani yanaisha ndipo mikorosho inaanza kuchanua. Ni wakati ambapo wakulima hupuliza salfa kukinga ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu unaoshambulia maua na machipukizi. Wengine hupuliza pia dawa za kuua wadudu wanaofyonza mikorosho.

Hakuna anayeweza kumwambia mkulima aache kulinda korosho yake. Ndiyo ada, ndiyo bati la nyumba. Lakini mzazi anaweza kutenganisha shamba na ua. Mtoto asiwepo shambani wakati wa kupuliza, wala asitumwe kubeba dawa. Nguo za aliyepuliza zifuliwe peke yake. Makopo na mifuko ya dawa isigeuzwe kuwa ya kutekea maji, kuhifadhia unga wala kufugia kiwavi. Na ile dawa ya wadudu iliyobaki isinyunyiziwe mchicha wa uani kwa kuona kwamba ni hasara kuimwaga. Imetengenezwa kwa zao jingine na kipimo kingine.

Mtoto anaweza pia kuambiwa kwamba korosho hutokana na maua, na kwamba wadudu ndio hubeba chavua kutoka ua hadi ua. Nyuki, nzi na wadudu wengine wanaotembelea mkorosho wana sehemu yao katika gunia la baba. Kwa hiyo afisa ugani akishauri dawa ipulizwe kwa kipimo na kwa wakati wake, ni faida ya mkulima mwenyewe.

JE, KIPEPEO ANAUZWA?

Mtoto mwerevu hatakosa kuuliza: kama miche inauzwa, vipepeo je?

Jibu ni kwamba wapo waliowauza. Pwani ya Kenya, kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke, mradi uitwao Kipepeo ulianza mwaka 1993 huko Gede. Wakulima wanaopakana na msitu hufuga viwavi, na pupa husafirishwa kwa ndege kwenda kwenye nyumba za maonyesho ya vipepeo ng'ambo. Hapa Tanzania, vijiji vinavyozunguka hifadhi ya Amani, katika milima ya Usambara Mashariki, vilianza kazi kama hiyo mwanzoni mwa miaka ya 2000, na wengi wa wafugaji wake walikuwa wanawake. Zanzibar nako, karibu na msitu wa Jozani, kuna kituo ambapo wageni hulipa kiingilio kuwaona vipepeo wanaofugwa.

Faida ya kazi hiyo ilikuwa kwamba anayetegemea kipepeo hana sababu ya kukata msitu. Lakini mwaka 2016 serikali ilisitisha usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje ya nchi, na vipepeo wa Amani wakaingia katika zuio hilo. Familia zilizokuwa zikilipia ada kwa pupa zikakosa mnunuzi.

Kwa hiyo bibi wa Mahege anafanya vyema kuendelea kutegemea miche. Kipepeo anaweza kuwa kazi pale penye mradi, kibali na soko. Uani, abaki kuwa mgeni wa mtoto.

HESABU YA NOVEMBA

Vuli ikianza, hesabu ya viriba inafanywa. Katika mfano wetu, kati ya miche sita iliyobaki vijiti, minne imechipua na miwili imekufa. Jumla ni miche thelathini na minane. Si hasara ya kukosesha viatu.

Mama amekuja kutoka Dar es Salaam kwa mwisho wa mwezi. Anamkuta bintiye amechuchumaa kando ya mndimu mkubwa, jembe dogo mkononi, anafukia mche mmoja wenye majani yaliyotobolewa.

"Huo mbona hujauweka na wenzake wauzwe?"

"Shikamoo mama. Huu hauuzwi," mtoto anasema. "Bibi kasema huu ni wa viwavi."

Bibi yuko barazani, anafunga viriba kwa kamba, kumi kumi, tayari kwa gulio. Amesikia, wala hakani.